Viatu Vyeupe vya Sista Edith

Tumaini aliingia na uzi mkononi, nami nikashtuka hadi chai ikanimwagikia mapajani. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Lulindi, nyumbani kwa marehemu mama yake. Mama huyo, Sista Edith, alikuwa chumba cha pili, tumeshamwosha na kumvisha gauni lake jeupe la uuguzi, na sisi wanawake tuliomwosha tulikuwa tumekaa mikekani, sinia la mihogo ya kuchemsha mbele yetu, wala hakuna aliyelisogelea. Tumaini ni mtu mzima sasa, ana watoto wa sekondari, lakini alipiga magoti mbele yangu kama alivyokuwa akifanya zamani alipokuwa na miaka sita. "Mama mdogo," akasema, "mama aliagiza azikwe na viatu vyeupe, vipya. Baba Neema anakwenda Masasi na pikipiki sasa hivi kuvitafuta, maana maziko ni saa nane." Baba Neema ni mume wake. "Na aliagiza umpimie wewe, si mtu mwingine." Akaninyooshea ule uzi. "Na kuna neno jingine aliloniachia. Maliza chai kwanza, nitakwambia." Akatoka kwenda kumhimiza mumewe. Mimi nikabaki na uzi mkononi, nimeshindwa kuinuka, na wenzangu wakaanza kunipa pole wakidhani ni uchungu wa msiba peke yake.

Kwa zaidi ya miaka thelathini, katika kila hospitali niliyofanya kazi, mimi ndiye niliyekuwa nikiwachagulia viatu wauguzi wa chumba cha upasuaji. Hakikuwa cheo na hakuna barua iliyoniteua. Nilijiteua mwenyewe, na nilikuwa mkali kupita kiasi. Nilikuwa nakikunja kiatu mbele ya muuzaji nione kinapokunjikia, kikikunjika katikati ya wayo namrudishia. Namwaga maji sakafuni, nakisukuma kiatu juu yake nione soli inateleza au inashika. Nauliza kama kinavumilia dawa za kuulia vijidudu, maana kiatu kinachopasuka kwa dawa hakimalizi hata msimu mmoja wa korosho. Kisiwe na kamba, damu huganda humo. Kisigino kiwe kifupi. Kifunike vidole vyote, na hapo sikuwa na mjadala na mtu. Na kubwa kuliko yote, sikumpima muuguzi mguu kabla ya saa tisa mchana, akiwa ameshasimama kutwa nzima. Wasichana waliniita Mama Saa Tisa, na walikuwa wakinicheka nikiwa nimewapa mgongo. Hakuna aliyeniuliza hayo nilijifunzia wapi, na nilishukuru kutoulizwa.

Nilijifunza mwaka ule niliofika juu kwenye uwanda wa Newala nikiwa na miaka ishirini na mitatu na cheti ambacho wino wake ulikuwa haujazoea karatasi. Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni, jina lake naliacha. Ilikuwa ni miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yaliyokuwa matupu yameanza kujaa sabuni za rangi na redio, mitumba inashushwa Masasi belo kwa belo, na watu waliozoea kuvaa kiraka juu ya kiraka wakaonekana kanisani na msikitini na majaketi ya theluji katika joto la Novemba. Kila mtu alikuwa na mshangao fulani usoni. Kila kitu kilikuwepo, na wakati huohuo vile tulivyokuwa tukipewa bure vikawa havipo tena. Kwetu sisi wa thieta, chumba cha upasuaji, kilichokoma ni viatu. Zamani zilikuja raba nyeupe za turubai kutoka bohari, kila mwaka jozi moja. Zikaacha kuja. Zilizokuwepo zikachakaa, tukabaki na kandambili.

Chumba chenyewe bado nakiona. Dirisha moja refu upande wa mashariki, sakafu ya saruji iliyong'arishwa hadi inateleza, na mlangoni mstari mwekundu ambao kiatu cha nje hakikuruhusiwa kuuvuka. Maji yalikuwa ya tangi la mvua, na kule uwandani maji yalihesabiwa kwa kikombe, kwa hiyo Mama Fatu, mhudumu wetu, alideki kwa ndoo moja ileile na kutusimanga kila tone la damu tuliloliacha lidondoke. Sista Edith alikuwa mkuu wetu. Mwanamke wa kimo, sauti ya chini, mkono usiotetemeka. Aliweza kusimama tangu asubuhi hadi alasiri mbele ya meza ya vyombo bila kuegemea ukuta, na mimi nilimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Nilikuwa namwiga hadi namna ya kufunga kilemba.

Siku moja Mama Fatu aliteleza na kandambili zake, akaanguka na beseni la vyombo vilivyochemshwa. Daktari akapandwa na hasira, akasema kandambili zisivuke tena ule mstari, na fungu likatafutwa. Mimi ndiye niliyeteuliwa kwenda Masasi kuchagua viatu jozi nne, ya Sista, ya Mama Fatu, ya kaka mmoja wa dawa ya usingizi, na yangu. Sababu ya kuteuliwa ni kwamba kwetu ni Chiungutwa, na ilidhaniwa mtu wa Chiungutwa analijua soko la Masasi. Nililijua kwa kupita tu, lakini sikusema.

Jioni ya siku hiyohiyo nilipita chini ya dirisha la Katibu wa hospitali nikasikia maneno ambayo hayakuwa yangu. "Wafanyakazi lazima wapunguzwe," Katibu alikuwa anamwambia Daktari. "Kila mahali wanapunguzwa. Tuanze na wale wanaougua miguu na migongo. Thieta ni kazi ya kusimama. Asiyeweza kusimama anatusumbua bure." Daktari alijibu kitu sikukisikia. Mimi kwa umbeya wa ujana nikayabeba maneno yale mabichimabichi hadi kwa Sista, ambako nilikuwa nakula kila jioni, nikayamwaga yote tukiwa tunamenya mbaazi. Mama Fatu alikuwepo, akashika kichwa, "Nnungu wangu! Mimi na nyonga yangu hii si nitatangulia?" Sista Edith aliendelea kumenya. Kisha akaniambia, "Zuhura, kesho unatupima miguu, sivyo? Basi unipime mimi kwanza. Asubuhi, kabla ya sala." Nikaitikia, "Ndiyo, Sista." Sikuona kitu chochote cha kunishangaza.

Kwetu huko, mtu akitumwa kiatu mjini hupewa uzi. Unaweka mwanzo wa uzi kwenye kisigino, unaufikisha kwenye ncha ya kidole kirefu, unafunga fundo. Nilifanya hivyo kwa wote wanne, na uzi wa Sista nikauwekea alama ya kipande cha utambi mwekundu. Alikuwa ameketi barazani kwake, nyayo zake safi, kavu, nyembamba kuliko nilivyotegemea. Nilipanda lori la korosho nikashuka nalo Masasi, nyuzi zangu nne nimezifunga kwenye pindo la kanga, na najiona mtu mkubwa.

Sokoni walinielekeza kwa Mama Somoe, mwanamke mnene aliyekaa katikati ya mlima wa viatu vya mitumba akiwa amevua vyake. Nilimsalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umekuja kuolewa au kuozesha?" Nikamweleza. Alifurahi sana kusikia ni viatu vya wauguzi, akaanza kunifundisha bila kuombwa, hiki soli imekauka kitapasuka, hiki kizuri lakini kina matundu juu, damu ya watu itakuingia. Yote niliyokuja kuyafanya baadaye, ya kukunja na kusukuma juu ya maji, niliyaona kwa mara ya kwanza kwenye mikono ya mama yule. Halafu akatoa kwenye gunia jozi nne za viatu vyeupe vya ngozi, vimefunika vidole, soli nene ya mpira, vya namna moja kabisa. Nilipigwa na butwaa. Kitabu changu cha chuo kilikuwa na picha ya wauguzi wa Ulaya wamesimama kwenye mstari, na vilikuwa ndivyo vile. Mama Somoe akapima nyuzi zangu moja moja ndani ya viatu. Zikaingia. Ule wa utambi mwekundu ukaingia pia, fundo likagusa mbele kabisa.

Hapo akanitazama. "Huyu wa mwekundu ni mtu mzima?" Nikasema ndiye mkuu wetu. "Mguu wake ulipimwa asubuhi au jioni? Maana mtu wa kusimama kutwa, jioni ana mguu mwingine. Kama ni jioni, hiki kinamtosha. Kama ni asubuhi, ongeza kidole," na akaweka kidole chake kinene mbele ya fundo kunionyesha, "na ukiongeza kidole, cheupe cha kumtosha sina. Nina hiki." Akavuta kiatu cheusi cha kiume, kizito, pua pana. Soli yake ilikuwa nzuri kuliko vyote, hilo nililiona. Lakini niliwaza tutakavyosimama watatu na vyeupe na Sista Edith wangu na kiatu cha mlinzi, nikaona aibu kwa niaba yake. "Jioni," nikasema. "Nilimpima jioni." Mama Somoe akarudisha cheusi guniani, akanifungia zile jozi nne nyeupe kwa kamba ya katani.

Sijui nieleze vipi furaha iliyokuwepo viatu vilipofika. Mama Fatu kwanza aligoma, akasema hivi ni kafa Ulaya, wenyewe wamekufa na vidole vyao bado vimo ndani, hadi Sista alipovaa vyake mbele yetu akatembea kutoka mstari mwekundu hadi kwenye meza na kurudi. "Hakuna kidole cha mtu," alisema, "mna vidole vyangu tu." Tukacheka. Jioni ile alitupikia kisamvu cha nazi na ming'oko, vile viazi vya porini, tukala tukiwa tunatazamana miguu. Wiki ya pili nilimwona anavivua haraka mara tu baada ya kuvuka mstari kwenda nje. Wiki ya tatu akaacha kuvivua, na uso wake ukarudi kuwa mtulivu, nikasema moyoni, afadhali, vimelegea. Nililala vizuri kabisa mwezi ule. Nalisema hili kwa sababu linaniuma, uongo wangu haukunikosesha usingizi hata mara moja.

Siku ya tukio ilikuwa msimu wa mabibo, harufu yake inaingia hadi ndani ya thieta. Tulikuwa na upasuaji wa tatu tangu asubuhi, mama mmoja wa Chilangala aliyeshindwa kujifungua. Alikuwa amekonda vibaya, anakohoa, na mumewe alizikwa mwaka uliotangulia. Siku zile kila mtu alijua maana ya maelezo ya namna hiyo na hakuna aliyeyatamka kwa sauti. Sista alikuwa mezani akimpa Daktari vyombo, mimi nimesimama nyuma yake. Daktari alirudisha kisu bila kutazama, akakiweka ukingoni mwa sinia, juu ya kitambaa kilichokwisha kulowa. Kikateleza. Nilikiona kinaanguka, ncha chini. Nilikiona kinaingia kwenye kiatu cha kushoto cha Sista Edith na kusimama wima.

Nilidhani ngozi imekizuia. Kiatu kile kilikuwa kimefunika vidole, nilikichagua mwenyewe, nilijua unene wa ngozi yake. Halafu nikaona wekundu unatandaa, na kipande cheupe kinabanduka, na nikaelewa kwamba kile hakikuwa ngozi. Ilikuwa plasta. Sista Edith alikuwa amekata dirisha juu ya vidole vyake kwa wembe, kwa usafi wa mtu wa thieta, akalifunika kwa plasta na kuipaka dawa nyeupe ya viatu, na sisi tuliokuwa tukitazamana miguu hatukuwa tumeona kitu. Ndani ya dirisha lile vidole vilikuwa vimevimba, vinene, vinang'aa. Sikuwahi kuuona mguu ule. Mimi niliupima mguu mwingine.

"Endelea, Daktari," Sista alisema. Sauti yake ileile ya chini. "Mtoto hajatoka." Akainama, akakichomoa kisu mwenyewe, akaniambia, "Zuhura, nawa, uvae, uje ushike nafasi yangu." Wakati nanawa, nilimwona akisogea pembeni, amesimama kwa mguu mmoja, Mama Fatu analia na kumwagia maji ya ndoo nzima, yale maji ya kuhesabiwa kwa kikombe. Mtoto alitoka akalia. Ni wa kike. Sista akasema kutoka kule pembeni, "Mungu asifiwe," na hapo ndipo akaketi chini sakafuni.

Mpaka leo watu wakisema fulani alishtuka mimi hujiuliza kama wanajua wanachokisema. Nilishtuka kwa miezi mitatu. Nilikula nikiwa nimeshtuka, nikaswali nikiwa nimeshtuka. Daktari alichukua damu ya Sista siku ileile, akachukua tena baada ya miezi mitatu, ikapelekwa Mtwara. Dawa za kumeza haraka baada ya kuchomwa, kama walizonazo vijana wa leo, hatukuwa hata na habari zake. Yule mama wa Chilangala alirudi kwao na mwanawe, na kabla ya mvua kwisha tukasikia amefariki. Hospitalini watu walimlaumu Daktari kwa kutotazama, wengine wakamlaumu Sista kwa kuharibu mali ya hospitali. Mimi hakuna aliyenigusa. Walinisifu kwamba nilivaa na kushika nafasi bila kubabaika.

Nilikwenda kwake kusema. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu nilimkuta ameketi barazani, mguu umefungwa, ugali wa muhogo na mbaazi mezani. Nikaanza, "Sista, vile viatu, kule sokoni…" Akanikata. "Kula kwanza." Nilipomaliza kula nikaanza tena, na yeye akasema haraka, karibu kwa ukali, "Viatu nilivikata mimi, kwa mkono wangu. Usinizungumzie viatu tena, Zuhura." Nilidhani ananifukuzia mbali kosa langu kwa huruma. Nikaona haya, nikaaga. Majibu yaliporudi kutoka Mtwara, bahasha ilikaa ofisini kwa Daktari, na Sista hakwenda kuichukua, si wiki ile, si mwaka ule. Alisema ana kazi ya kufanya. Hakupunguzwa. Alisimama thieta miaka mingine kumi na miwili, na viatu vya kiume vyeusi, alivyovinunua mwenyewe. Mimi nilihamishwa, nikaolewa, nikawa Mama Sharifa, na kila Desemba nilipanda kuja kumsalimia na kumchungulia, amekonda? anakohoa? Kila mwaka nilimkuta ananenepa. Namshukuru Mungu, na kila mwaka nilirudi nyumbani na neno langu sijalisema.

Tumaini alirudi, akaketi karibu yangu. Chai ilikuwa imeshapoa. "Neno lenyewe ni hili," akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mama yake. "Mama alisema, mwambie Zuhura asinipime asubuhi kama ile mara nilipomdanganya."

Nikamwuliza, alimdanganya nani? "Wewe, mama mdogo. Hukujua? Usiku ule kabla hujampima alilala na miguu juu ya gunia la mbaazi. Mimi ndiye niliyemletea maji ya baridi ya kuikanda, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Aliogopa mkiiona ilivyo alasiri, habari itamfikia Katibu, naye atapunguzwa, na baba alikuwa hana kazi. Ndiyo maana alitaka apimwe alfajiri, kabla ya wenzake. Alisema wewe ulikwenda sokoni na mguu wa uongo, ukaleta kiatu cha uongo, halafu ukajitesa. Alikuona unavyojitesa. Alishindwa kukwambia."

Habari ile ya Katibu niliipeleka mimi, kwa mdomo wangu, tukimenya mbaazi. Nilitaka kumwambia Tumaini hilo, na nilitaka kumwambia la Mama Somoe na neno lile moja, jioni, na nikamwambia, yote, mbele ya wale wanawake, nikilia kwa kelele kama mwehu. Tumaini alinishika mkono. Mimi na Sista tulikuwa tumekaa miaka yote ile kwenye baraza moja, kila mmoja na uongo wake wa mguu uleule, tunapeana mbaazi.

Nikainuka, nikaingia kwake. Nilifunua shuka upande wa chini. Miguu ilikuwa imevimba kwa ule ugonjwa wa moyo uliomwondoa, na kwenye kidole gumba cha kushoto kovu lilikuwepo, dogo, jeupe. Saa tisa isingefika, maana yeye alikuwa wa saa nane. Nikaweka mwanzo wa uzi kwenye kisigino, nikaufikisha kwenye ncha ya kidole, nikafunga fundo. Kisha nikaweka kidole changu mbele ya fundo, nikafunga la pili.

Baba Neema alikuwa ameshawasha pikipiki. Nikampa uzi mkononi, nikamwonyesha fundo la kupimia. "Hili la mbele, baba, si la nyuma," nikamwambia. "Na kama vyeupe haviufikii, usihangaike. Chukua vyeusi, hata vya kiume."